Kalenda hazisemezani: tuandike programu wenyewe au tununue?

SWALI: Assalamu alaykum dada. Nina nyumba ya wageni Jambiani, vyumba 12. Wageni wanabuki kupitia Booking.com, Airbnb na simu yangu, na kila upande una kalenda yake. Mwezi wa nane chumba kimoja kiliuzwa mara mbili. Kijana wangu wa kompyuta anasema atatuandikia programu ya kuunganisha zote. Kampuni moja yenye programu kama hiyo inataka tulipe kila mwezi, kwa dola. Nifuate lipi?
Msomaji, Jambiani

JIBU: Waalaykumu salaam kaka yangu. Kalenda nunua. Booking.com na Airbnb hawamfungulii mlango kila mwandishi wa programu. Wanaunganisha na kampuni walizozipima na kuziidhinisha. Kijana wako atabakia na faili la iCal, linalobeba tarehe bila ya bei, na husomwa kila baada ya muda. Wageni wawili wakigombania chumba kimoja ndani ya muda huo, wote watapata.

Tena kuandika ndiyo sehemu nyepesi. Kuilea programu ndiko kunakochosha, maana wale wakubwa hubadilisha mambo yao bila kukuuliza. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota nchi nzima. Siku kama ile ujumbe wa mgeni kuvunja safari hukwama njiani. Mfumo mzuri huuweka foleni, ukautuma tena, na ukifika mara mbili ukahesabiwa mmoja. Hilo linataka watu walioshika kazi hiyo tu, na kijana wako ndiye huyohuyo anayekutengenezea WiFi na printa.

Kijana wako mwachie malipo ya wageni yanayoingia kwa simu. Ayaoanishe na daftari lako la hesabu na risiti unazotoa kwa VFMS, mfumo wa risiti wa ZRA, mamlaka ya mapato Zanzibar. Kampuni ya nje haijui unavyoendesha hesabu zako. Kila muamala una namba yake ya kumbukumbu. Programu iihifadhi ili pesa zisiandikwe mara mbili.

Kabla hujasaini, iulize kampuni kama masika, vyumba vikiwa vitupu, utalipa kiasi kilekile, na kama ukiondoka utapewa kumbukumbu za wageni wako zote kwenye faili. Wakisitasita, tafuta wengine. Halafu waunganishe vyumba viwili kwa majaribio: funga tarehe moja Booking.com, simu nyingine iwe wazi kwenye Airbnb, uangalie tarehe ile inachukua muda gani kufungika.