Kusaidia ukiwa mbali: Haiti 2010

Ndugu, umeuliza kama mtu aliye mbali na maafa anaweza kusaidia kwa intaneti tu. Anaweza, tena sana! Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, watu walituma ujumbe mfupi kwenye namba 4636: nani kafukiwa, wapi hakuna maji. Wahaiti wa ughaibuni waliutafsiri kutoka Kikrioli, lugha ya Haiti, ukawekwa kwenye ramani ya Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Wengine walichora mitaa ya Port-au-Prince, mji mkuu, kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, wakitazama picha za setilaiti. Kigumu kilikuwa kujua mahali hasa, maana ujumbe wa "karibu na kanisa" haumfikishi mwokoaji. Ukiripoti, taja mtaa, saa, na kama umeona mwenyewe au umesikia.