Tumejaza dodoso la malezi, alama zimetoka duni

SWALI: Shangazi, shikamoo. Niliachana na mzazi mwenzangu miaka mitatu iliyopita. Binti yetu wa miaka 7 analelewa na mama yangu Morogoro. Mimi nafanya kazi Dar, baba yake yuko Dodoma. Tulikaa pamoja tukajaza dodoso la maswali 14 la kupima malezi ya pamoja. Alama ni ndogo mno. Je, tunamharibu mtoto?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Alama hizo hazisemi hivyo. Dodoso hilo ni ufupisho wa lile la maswali 35 lililotolewa mwaka 2012 na Mark Feinberg na wenzake Marekani, na walengwa wake walikuwa wenza wanaoishi pamoja. Ndani yake kuna maswali ya ukaribu, mfano kama uhusiano wenu umeimarika tangu mtoto azaliwe. Walioachana wataandika 0, hata kama wanalea vizuri. Yaondoeni.

Kagua pia hesabu. Kila jibu ni 0 hadi 6, lakini maswali yanayotaja jambo baya, kama ya ugomvi na kuhujumiana, hugeuzwa kabla ya kujumlisha: 6 inakuwa 0, 5 inakuwa 1. Ukisahau, jumla yote haina maana.

Kosa kubwa ni kujaza pamoja, maana mtu akitazamwa hujibu kwa kuoneana haya. Kila mmoja ajaze peke yake, akifikiria mwezi uliopita tu. Na mama yako aingie. Watu wazima watatu ni jozi tatu, na kila mmoja anajibu kuhusu wenzake wawili, karatasi moja kwa kila mwenzake, hivyo zitakuwa karatasi sita. Kama mama hapendi kuandika, asomewe na mtu mwingine, si wewe.

Jumla iacheni. Linganisheni jibu kwa jibu, hasa kwenye kusaidiana na kuhujumiana: nani anamsema mwenzake mbele ya mtoto, nani anaruhusu alichokataza mwingine. Pale wewe umeandika 1 na baba yake 5, hapo ndipo pa kuzungumza. Mgawanyo wa kazi usiupime kwa usawa. Anayelipa ada na anayeamka usiku hawafanyi kazi moja. Ulizeni kama kila mmoja ameridhika. Rudieni baada ya miezi mitatu.

Ila kama unamwogopa baba yake, au kuna kipigo, usijaze naye chochote. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Kwa usalama wa mtoto, piga 116, ni bure.

Anza na karatasi ya mama yako. Ndiye anayeishi na mtoto, na mara ya kwanza hakuulizwa lolote.