Misuli kucheza: joto na baridi vilinisumbua kwa njia tofauti

Ndugu uliyeuliza kama misuli hucheza, yaani kurukaruka yenyewe, zaidi majira yanapobadilika: kwangu ndiyo, lakini sababu haikuwa joto au baridi yenyewe kama nilivyodhani. Huu ni mwaka wa 6 vigimbi vyangu havitulii, na mara nyingine ukope wa kushoto nao hucheza.

Mwaka wa 2 nilianza kuandika kila usiku: hali ya hewa, saa nilizolala, maji, kahawa, na misuli ilivyocheza, kuanzia 0 hadi 5. Miezi 12 ilipotimia nikaona kuna siku za joto kali zilizopita shwari kabisa. Zilizonitesa ni zile nilizotoka jasho mchana kutwa huku nikishindia kahawa. Jasho huondoka na chumvi, na neva zinazoamrisha misuli hutegemea uwiano wa maji na madini kama sodiamu, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Tena usiku wa joto usingizi haupatikani, na kwenye daftari langu hakuna kilichochochea misuli kama kukosa usingizi. Tafadhali usikimbilie vidonge vya madini kabla ya kupima damu, hasa kama una shida ya figo.

Baridi ilikuja kivingine. Nilikuwa nikikaa muda mrefu, mabega yamejikunja, maji sinywi kwa sababu kiu hakuna. Misuli ilianza kucheza jioni nikishajilaza. Kutembea nusu saa na kuoga maji ya moto kabla ya kulala kulinisaidia sana. Usichanganye hali hii na kutetemeka kwa baridi: kule kunashika mwili mzima na hukoma ukipata joto, huku ni kijisehemu kimoja kinachorukaruka hata ukiwa umejifunika.

Jambo moja wengi hawaambiwi. Nilipokwenda kupimwa neva na umeme wa misuli, mpimaji alinigusa miguu, akakuta ni ya baridi, akaipasha kwanza. Neva iliyopoa hupeleka ishara polepole, kwa hiyo majibu yanaweza kupotosha. Ukipimwa msimu wa baridi, ulizia hilo.

Halafu kuna hofu. Kila msimu ulipogeuka nilikuwa najichunguza saa nzima, na misuli ikazidi. Kilichonituliza ni utafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, wa mwaka 1993: watu 121 wenye misuli inayocheza bila dalili nyingine walifuatiliwa kwa miaka, wala hakuna hata mmoja aliyepata ugonjwa wa neva za mwendo, ule unaodhoofisha misuli hatua kwa hatua.

Lakini ukiona mkono unaishiwa nguvu, mguu unajikwaa bila sababu, msuli unakonda, ulimi unakuwa mzito au chakula hakimezeki vizuri, usisubiri msimu upite. Nenda kwa daktari wa neva, na kama una daftari kama langu, libebe.