Uchungu wa leba: uchomwe sindano ya mgongo au ujikaze?

Mdogo wangu umeuliza uchomwe ganzi ya mgongo au ujikaze tu, maana watu wamekutisha kwamba ukichomwa utaishia oparesheni na mgongo utakuuma maisha. Mi nimezaa bila hiyo sindano na nimezaa nayo, ngoja nikwambie.

Hayo mawili sio kweli. Tafiti zimelinganisha waliochomwa na wasiochomwa, oparesheni haziongezeki, na mgongo unawauma wengi tu baada ya kuzaa hata ambao hawakuigusa. Kinachotokea ni presha kushuka, ndo maana wanakupima kila mara, mwili kuwasha, miguu kuwa mizito, kushindwa kukojoa mpaka wakuwekee mpira, na kusukuma kunaweza kuchukua muda zaidi. Wachache, kama mmoja kwenye 100, wanapata kichwa kikali ukikaa kinauma ukilala kinapoa, hicho kina tiba usikae nacho kimya.

Ambacho watu hawakwambii ni MUDA. Sindano ya mgongo inamtaka daktari wa usingizi awepo, apitishe kimpira chembamba mgongoni, alafu usubiri kama dakika 20 ndo ishike, sasa ukiiomba mtoto ameshafika njiani utakuwa umechelewa. Pethidini, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, ni kinyume, hiyo haitakiwi karibu na kujifungua kwa sababu inapita mpaka kwa mtoto, anaweza kuzaliwa amelegea na kupumua kwa shida. Mi ilinisinziza kati ya uchungu na uchungu, maumivu yalikuwepo ila kwa mbali, na ilinitapisha sana.

Gesi ya kupunguza uchungu, ile nusu oksijeni nusu naitrasi oksaidi, unaivuta mwenyewe. Vuta pale pale unapohisi uchungu unaanza kuja, usisubiri ukolee, inataka kama nusu dakika kufanya kazi. Kizunguzungu kipo ila ukiacha kuvuta kinaisha haraka.

Alafu usidharau mikono ya mtu jamani. Mtoto wangu mmoja alikuwa ameelekeza kisogo mgongoni kwangu, uchungu wote ukahamia kiunoni, kulala chali sikuweza kabisa. Kilichonisaidia ni kupiga magoti na kuegemea mikono huku dada yangu ananikandamiza kwa kiganja pale juu ya makalio, kwa nguvu haswa, kila uchungu ukija, ukipoa anaachia. Maji ya uvuguvugu nayo yanalegeza mwili, na kutembea mwanzoni. Mtu wa kukaa na wewe mwanzo mwisho mi namuweka juu kabisa, hata kama utachomwa.

Na anayekwambia mwanamke kamili lazima ausikie wote mwambie Malkia Victoria wa Uingereza alivutishwa klorofomu, dawa ya kuondoa maumivu, mwaka 1853 akimzaa mtoto wake wa nane. Kuomba nafuu sio udhaifu, naumia sana nikisikia mama anasimangwa kwa hilo.

Kwahiyo kliniki ijayo uliza: hiyo sindano wanayo, na usiku daktari wa usingizi anakuwepo? Waambie kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au uliwahi kuambiwa damu yako haigandi vizuri, hapo wanaweza kukukatalia. Wakisema usiku hamna, bora ujue sasa hivi ili huyo wa kukukandamiza kiuno muanze kufanya naye mazoezi mapema.