Umeulizwa athari, ukajibu idadi

Langoni, Lamu

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema kamati ya kupandisha vyeo imekutaka ueleze athari ya utafiti wako juu ya wanafunzi wa pwani wanaoacha chuo kabla ya kumaliza. Umewapelekea kipimo chako cha h, ambacho ni 6, na mwenzako wa kemia ana 19. Sasa wauliza utasimama vipi mbele yao.

Kwanza tuitazame hiyo 6. Kipimo hicho kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. h ni idadi ya makala zako ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara idadi hiyo hiyo. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi: 31, 12, 9, 7, 6, 6, 3, 1. Teremka ukihesabu. Ya sita ina nukuu 6, imetosha. Ya saba ina 3, haikutosha. Basi h yako ni 6. Hiyo ya kwanza hata ikinukuliwa mara 300, h itabaki 6 ile ile. Kazi yako kubwa kuliko zote ndiyo inayopunjwa zaidi.

Na kemia usishindane. Wenzako hao huandika makala fupi fupi, majina kumi juu ya makala moja, na marejeo chungu nzima. Nyinyi wa elimu ya juu mwanukuu vitabu, ripoti za tume na tasnifu, na nyingi katika hizo Scopus, ile hazina ya kuhesabia nukuu, haizioni. Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafutia maandiko ya wanazuoni, huziona zaidi, ila huzoa na taka. Kwa hiyo kila ukiandika namba, andika umeitoa wapi na tarehe gani. Mtu mmoja huwa na h tofauti katika kila hazina, na mjumbe mwenye jicho kali atakushika hapo hapo.

Kabla ya yote safisha jina. Kwetu jina moja huandikwa Muhammad, Mohamed na Mohammed. Makala hii imeishia na jina la baba, ile na la babu. Mashine huona watu wawili, na nukuu zako hugawanyika. Jisajili ORCID, daftari la kuwatambulisha watafiti, ni bure, utapewa namba ya tarakimu 16, kisha unganisha kazi zako zote chini yake. Halafu ingia kwenye ukurasa wako wa Google Scholar ufute kazi za wajina wako. Kamati ikikuta makala ya chanjo ya mbuzi kwenye orodha yako, hata zilizo zako kweli zitatiwa shaka.

Kisha fungua zile kazi 31 zilizoinukuu makala yako ya kwanza, moja moja, usome sentensi iliyokutaja. Tia alama tatu: ya kwanza, umejinukuu mwenyewe; ya pili, umetajwa kwa kupitiwa tu, jina lako ndani ya mabano pamoja na wengine watano; ya tatu, mtu ameifanyia kazi hoja yako, yaani ametumia hojaji yako, ameazima mgawanyo wako, au amekupinga kwa hoja. Kupingwa kusikutie haya. Martin Trow, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1973 kwamba elimu ya juu ni ya wateule wachache ikiwa chini ya asilimia 15 ya vijana wa rika lake ndio wanaoingia, ni ya umma kuanzia 15 hadi 50, na ikivuka 50 ni ya wote. Mipaka hiyo imebishiwa miaka na miaka, na wanaobisha bado wapimia kwa rula yake. Ukipata hata watatu wa alama ya tatu, waandike hao kwa kirefu: nani, nchi gani, alichukua nini kwako. Waliobaki taja idadi upite.

Hapo bado tumo ndani ya chuo. Waingereza, katika tathmini yao ya taifa ya utafiti wa vyuo vikuu ya mwaka 2021, waliipa athari asilimia 25 ya alama, na wakahesabu tu iliyotokea nje ya duara la wanazuoni. Iliyokubaliwa ni athari ya tangu Agosti 2013, lakini utafiti wenyewe uliruhusiwa kuwa wa tangu mwaka 2000, kwa kuwa mambo haya hukawia.

Katika barua yako kuna jambo umelitupa mwishoni kama la kando: kwamba chuo kimoja kilisogeza mbele siku ya mwisho ya usajili baada ya kusoma jedwali lako, lililoonyesha wanafunzi wa visiwani wakikosa usajili kwa sababu mkopo uliingia siku ilipokwisha pita. Mwanangu, hilo ndilo jibu lako, na limetoka kwenye ripoti isiyo na nukuu hata moja!

Usiandike "utafiti wangu umechangia pakubwa kuboresha maisha ya wanafunzi." Sentensi hiyo haina mtu, haina tarehe. Andika tarehe ya zamani na mpya, kikao kilichoamua, na jedwali lililosomwa. Ambatisha kumbukumbu za kikao, waraka wa msajili, na hesabu ya waliosajiliwa kabla na baada. Barua ya uthibitisho iombe wiki hii. Msajili akihamishwa, mrithi wake hatajua lolote. Mwambie aandike nini kilibadilika na kwa nini. Sifa zako hazihitajiki.

Ila hesabu ya kabla na baada ina mtego. Mwaka 2023 ulianza mfumo mpya wa ufadhili Kenya, unaowapanga wanafunzi kwa kiwango cha uhitaji. Miaka yako ikikatiza hapo, usidai ongezeko lote ni lako. Sema tarehe ilisogezwa kwa ajili ya jedwali lako, na waliojisajili katika zile siku za nyongeza walikuwa kadha. Hao hakuna wa kukunyang'anya.

Semina ulizohudhuria ziondoe kabisa kwenye ukurasa wa athari.

Rasimu niletee kabla ya Ijumaa, ukurasa mmoja na nusu, na iwe faili ninayoweza kuikata. Wajukuu wasalimie.

Mamako