Namba za bidhaa katika duka la vifaa vya ujenzi

Ndugu yangu, umeeleza kwamba duka lako limekua, na sasa daftari linaonyesha koki kumi bila kubainisha ngapi ni za nusu inchi na ngapi ni za robo tatu. Chanzo chake ni kuandika bidhaa kwa jina tu, kwa kuwa kila muuzaji hulitaja jina kwa namna yake.

Kila tofauti inayobadilisha bei au matumizi, iwe ukubwa, aina au mtengenezaji, ipewe namba yake: koki ya shaba ya nusu inchi iwe KK-101, na ya robo tatu iwe KK-102. Epuka herufi O na I, ambazo husomwa kama sifuri na moja. Ukitumia tarakimu peke yake, usianze na sifuri, maana Excel, programu ya kompyuta ya majedwali, huifuta. Bei na rafu pia visiingizwe ndani ya namba, kwa sababu bei hupanda na bidhaa huhamishwa, nawe utalazimika kubandika lebo upya duka zima.

Ninalolisisitiza zaidi ni hili: bidhaa ikiacha kuuzwa, namba yake isipewe nyingine kamwe, la sivyo mauzo ya zamani yatachanganyika na mapya na hesabu ya mwaka haitaaminika. Misumari ya kupima kwa kilo haihitaji lebo mmoja mmoja. Andika namba kwenye boksi, na hiyohiyo iandikwe kwenye risiti na kwenye leja.