Konsoli nzito? Kabla ya seva mpya, angalia databesi imebeba nini

Mkuu, nimesoma kilio chako: konsoli ya usalama wa mtandao (ukurasa wa kusimamia ulinzi wa kompyuta zote) inachukua dakika nne kufunguka, kompyuta 250, databesi ni SQL Server Express 2019 (toleo la bure la programu ya databesi ya Microsoft), na bosi ameanza kuulizia bei ya seva mpya. Mwambie asubiri kidogo. Sisi hapa Tanga tulipitia hayohayo, tena mimi nilijichongea mwenyewe mara mbili kabla ya kupata dawa.

Ofisi yetu ipo Chumbageni, matawi yapo Muheza, Korogwe na Pangani, yote yanaripoti kwenye seva moja. Saa mbili asubuhi watu wakiwasha kompyuta, konsoli inakufa ganzi. Nikibofya ukurasa wa matukio naenda kunywa chai na mahamri, narudi kiduara bado kinazunguka. Kila mtu alilaumu mtandao. Nikaifungua nikiwa nimekaa kwenye seva yenyewe, uzito uleule. Kumbe mtandao tulikuwa tunauonea.

Toleo lako la Express lina mipaka: data za databesi moja hazizidi GB 10, halitumii zaidi ya kori 4, na hata ukiweka RAM ya GB 64, RAM litakayotumia kushikia kurasa za data (vipande vya databesi) ni MB 1,410 tu. Hiyo seva mpya mngelinunulia nani? Yetu ilikuwa imefika GB 9.3. Ndani ya Management Studio, programu ya kusimamia SQL Server, kuna ripoti ya ukubwa wa majedwali. Nilipoifungua, jedwali moja la matukio lilikuwa limekula karibu robo tatu. Kilichomo ni taarifa za ajenti (programu ndogo iliyopo kwenye kila kompyuta): "ajenti imewasiliana", "ajenti imewasiliana", miaka miwili mfululizo.

Hapo ndipo nilipojichongea. Niliandika amri moja ya kufuta kila kilichozidi siku 90, mchana kweupe. Kila safu (mstari wa jedwali) inayofutwa huandikwa kwenye logi (daftari la mabadiliko ya databesi), basi faili la logi likavimba mpaka diski ikajaa. Halafu SQL Server ikishika kufuli (za kuzuia wengine wasiguse safu zinazobadilishwa) kama 5,000 kwenye jedwali moja, hujaribu kulifunga jedwali zima, kwa hiyo ajenti zote zikabaki zinabisha hodi. Nilirudia usiku, safu 2,000 kwa fungu, ikapita kimya. Hali ya urejeshaji (recovery model) ya databesi ikiwa Simple, nafasi ya logi hutumika tena fungu hadi fungu. Ila kama konsoli yako ina kipengele chake cha kupunguza matukio ya zamani, tumia hicho. Ukichokonoa majedwali kwa mkono, mtengenezaji anaweza kukukatalia msaada. Bakapu kwanza, na muulize mkaguzi wenu wa ndani anataka kumbukumbu za muda gani kabla hujagusa kitu.

Kosa la pili ni la tamaa. Nikaona faili bado ni GB 9.3, nikalikamua (shrink) lipungue. Likapungua kweli, lakini konsoli ikawa nzito kuliko mwanzo, kwa sababu kukamua kunahamisha kurasa za mwisho wa faili na kuzitupia popote penye nafasi, indeksi (orodha za kutafutia data haraka) zikavurugika. Nafasi tupu iache humohumo, matukio mapya yataijaza. Ikabidi nijenge indeksi upya. Kipimo kilichozoeleka ni hiki: mvurugiko wa asilimia 5 hadi 30 unazipanga tu, ukizidi 30 unazijenga upya. Express haina kipanga kazi chake, kwa hiyo skripti yangu inaendeshwa na Task Scheduler ya Windows, kila Jumamosi usiku.

Mengine ni ya haraka. Antivairasi ya seva isikague faili za databesi, yaani .mdf (data) na .ldf (logi). Angalia kama AUTO_CLOSE imewashwa, maana Express ina tabia hiyo. Databesi inafungwa kila asipokuwepo mtu na kufunguliwa upya akibisha. Zima. Ajenti zetu zilikuwa zinaripoti kila dakika 5, tukaweka 30. Na ile ripoti ya bosi iliyokuwa inatengenezwa saa mbili na nusu asubuhi tuliipeleka saa kumi alfajiri, wala hajagundua.

Sasa inafunguka ndani ya sekunde kumi hivi, seva ileile ya RAM GB 8. Wewe anza na ile ripoti ya majedwali, kisha uje useme lipi linaongoza na lina safu ngapi, tuendelee kuanzia hapo.